Je, Kurudi Salama ni Ushahidi wa Busara?

Mwezi huu twapenda kuwaza pamoja nanyi juu ya swali moja lililo gumu kuliko lionekanavyo. Mtu akifanya jambo la hatari, naye akarudi salama, je, twaweza kusema ya kuwa alitenda kwa busara? Na mwingine akifanya jambo lilo hilo, asirudi, je, twaweza kusema ya kuwa yeye ndiye aliyekuwa mpumbavu? Wengi hujibu upesi, wakisema, Jambo hujulikana kwa mwisho wake. Sisi twaona ya kuwa jibu hilo lina kasoro; na ili kasoro hiyo ionekane wazi, tumechagua mfano wa nchi za mbali, nchi za theluji nyingi, ambako watu wamelijifunza somo hili kwa gharama kubwa.

Wengi wetu twaijua theluji kwa macho tu. Akaaye Machame au Marangu huiona asubuhi juu ya Kibo, nyeupe na kimya, wala haina shauri naye. Lakini katika milima ya Uswisi, na Austria, na Kanada, na magharibi ya Marekani, theluji hufunika nchi miezi mingi, na mahali pengi kina chake hupita kimo cha mtu. Watu wa huko huenda juu yake wakiwa wamefunga miguuni mbao ndefu nyembamba, ziitwazo skii. Ziko njia zilizotengenezwa, ambazo walinzi huziangalia kila siku. Bali wako wapendao kwenda mbali na njia hizo, katika mabonde na miteremko isiyo na mlinzi, kwa kuwa huko pana utulivu, na theluji haijakanyagwa na mtu. Huko ndiko iliko hatari tutakayoieleza, nayo ni poromoko la theluji.

Kwanza yatupasa kufahamu jinsi poromoko linavyotokea. Theluji haianguki mara moja ikawa kitu kimoja. Huanguka leo kidogo, na juma lijalo nyingi, ikawa tabaka juu ya tabaka, kama nyasi za paa zilizoezekwa mwaka baada ya mwaka. Kila tabaka lina tabia yake. Mwanzo wa majira ya baridi, theluji ikiwa ingali kidogo na anga ni baridi sana, joto la ardhi hupanda ndani ya theluji na kuzigeuza chembe zake za chini, zikawa kama punje za sukari, zisizoshikamana. Pengine usiku usio na mawingu huweka sakitu juu ya theluji, yenye kumetameta kwa uzuri. Kisha theluji mpya huifunika, nayo sakitu hukaa chini yake majuma mengi bila kuonekana. Upepo nao huichukua theluji ya upande mmoja wa mlima na kuishindilia upande wa pili, ikawa bamba gumu. Basi hapo pana bamba juu, na tabaka dhaifu chini yake, na mteremko. Mtu mmoja apitaye aweza kulivunja lile tabaka dhaifu kwa uzito wake. Ufa hukimbia kwa kasi kupita mteremko wote, bamba zima hukatika na kushuka, na mwendo wake waweza kufika kilomita 100 kwa saa na zaidi.

Mambo haya hayakujulikana kwa siku moja. Mwaka 1936 wataalamu wa Uswisi walianza kuichunguza theluji katika kibanda kilichojengwa Weissfluhjoch, juu ya mji wa Davos, mahali palipo juu ya bahari zaidi ya mita 2,600. Tangu mwaka 1945 chuo kilichotokana na kazi ile kimekuwa kikitoa taarifa ya hatari kwa watu wote. Mwaka 1993 nchi za Ulaya zilipatana kuitaja hatari hiyo kwa madaraja 5. Daraja la 1 ni hatari ndogo. La 2 ni ya kadiri. La 3 ni hatari iliyo nzito kiasi cha kuhitaji uangalifu mwingi. La 4 ni kubwa. Na la 5 ni kubwa mno. Tena watu wamefundishwa kupima ukali wa mteremko kwa chombo kidogo, maana mabamba mengi hukatika penye miteremko ya digrii 30 hata 45. Iliyo laini kuliko hiyo mara chache hukatika, lakini asimamaye bondeni chini ya mteremko mkali hajawa salama, kwa sababu aweza kuliangusha poromoko kutoka chini, likamjia.

Zipo na dalili nyingine, nazo si za wataalamu peke yao. Maporomoko mapya yakionekana katika miteremko ya jirani, hiyo ni dalili. Nyufa zikikimbia mbele ya miguu ya mtu, ni dalili. Theluji ikitoa mvumo mzito, kana kwamba sakafu inashuka, ni dalili iliyo kubwa, kwani ndiyo sauti ya tabaka dhaifu linalovunjika. Kadhalika theluji nyingi iliyoanguka kwa muda mfupi, na upepo wenye nguvu, na joto lipandalo ghafula. Asomaye haya atauliza, Ikiwa dalili ni wazi namna hii, na taarifa hutolewa kila siku, mbona watu hufa kila mwaka?

Swali hilo ndilo lililotuvuta kuandika. Maana imeonekana ya kuwa, katika watu wa matembezi wakamatwao na maporomoko wakafa, yapata tisa kwa kumi, poromoko liliangushwa na wao wenyewe au na mwenzao mmoja. Mlima haukuwavizia. Ni miguu yao wenyewe iliyolivunja tabaka. Tena vifo vingi zaidi havitokei siku za daraja la 5, wala la 4, bali siku za daraja la 3. Siku za hatari kubwa mno watu hukaa nyumbani, kwa kuwa tufani inavuma na hofu iko wazi. Siku ya daraja la 3 mara nyingi jua huwaka, anga ni bluu, na mlima ni mzuri wa kutazama. Hatari ipo, lakini haipigi kelele.

Hapa twafika kwenye kiini cha neno letu. Mtu akipita mteremko wenye tabaka dhaifu, mara nyingi hakuna litokealo. Pengine bamba ni nene mahali alipokanyaga, na uzito wake haukufika chini. Hupita, hufurahi, hurudi nyumbani na kula chakula cha jioni pamoja na jamaa zake. Moyoni husema, Nilipima vema. Lakini kwa kweli hakupima kitu. Mlima ulinyamaza tu, naye akadhani ya kuwa kunyamaza kwake ni kukubali. Juma la pili hupita tena, na la tatu; na kila mara anaporudi salama, imani yake huzidi, ingawa ujuzi wake haukuzidi hata kidogo. Sisi tunaokaa penye mchwa twaweza kulifahamu jambo hili. Nguzo ya nyumba iliyoliwa ndani husimama mwaka mzima, na mwenye nyumba huiegemea kila siku. Je, kusimama kwake jana ni ushahidi wa kuwa itasimama kesho? Ushahidi ungepatikana kama angeigonga na kuisikiliza. Yeye hakuigonga, aliiegemea tu.

Ndiyo sababu twasema ya kuwa kurudi salama si ushahidi wa busara. Mtu aweza kutenda kwa upumbavu mara 20 na kurudi mara 20, kisha asirudi mara ya 21. Na siku hiyo ya 21 hakuwa mpumbavu kuliko siku zote zilizotangulia. Watu watamlilia na kusema, Siku ile alikosea. La, alikosea zamani. Siku ile deni lilidaiwa.

Lakini yatupasa kuwa na haki, tuutazame na upande wa pili. Tarehe 23 Februari 1999, baada ya theluji nyingi kuanguka kwa siku nyingi, poromoko kubwa lilishuka katika kijiji cha Galtür, nchi ya Austria, likaua watu 31. Wengi wao hawakuwa wakicheza milimani. Walikuwa kijijini, miongoni mwa nyumba, na baadhi yao walikuwa mahali ambapo ramani ya hatari ilipahesabu kuwa salama. Poromoko lilipita mipaka ambayo watu wenye ujuzi walikuwa wameiweka kwa uangalifu. Basi nani atasema ya kuwa waliokufa pale walikuwa wapumbavu? Kama vile mwisho mwema si ushahidi wa busara, vivyo hivyo mwisho mbaya si ushahidi wa upumbavu. Ahukumuye kwa mwisho tu huwatukuza wengi wasiostahili, na kuwalaumu wengine waliokwisha kuumia. Sisi huyafanya yote mawili katika vijiji vyetu, kwa habari ya magonjwa, na safari, na mashamba. Na mara nyingi twawajeruhi wafiwa kwa maneno yetu.

Kama hatuwezi kuhukumu kwa mwisho, basi tuhukumu kwa nini? Kabla ya kujibu, na tutazame jinsi watu wenye akili na mafunzo wanavyonaswa, kwa maana si wajinga peke yao wafao. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Ian McCammon, alizichunguza ajali 715 za maporomoko zilizotokea katika nchi ile tangu mwaka 1972 hata 2003. Aliona ya kuwa wengi walionaswa walikuwa na mafunzo fulani, na dalili za hatari zilikuwa mbele yao. Kilichowanasa kilikuwa ndani ya mioyo yao. Mmoja alinaswa na mazoea, kwa kuwa mteremko ule alikuwa ameupita mara nyingi. Na McCammon aliona ya kuwa hata wenye mafunzo makubwa hulegeza uangalifu wao mahali walipopazoea. Mwingine alinaswa na kutaka kusifiwa na wenzake. Mwingine alikuwa amekwisha kusema, Leo twafika kileleni, akaona haya kugeuza neno lake. Mwingine alimfuata mkubwa wa msafara, akidhani ya kuwa mkubwa hawezi kukosea. Mwingine aliona nyayo za watu wengine, akasema, Mbona wao wamepita? Na mwingine aliharakisha ili awatangulie wengine katika theluji ambayo haijakanyagwa, maana kitu kilicho haba hutamaniwa kuliko kilicho kingi.

Ndugu, ni nani kwetu asiyeyajua mambo haya sita? Hayahitaji theluji. Hukaa katika biashara, na katika baraza, na katika shauri la arusi, na ndani ya mtumbwi uliojazwa kupita kiasi kwa sababu nahodha alisema ya kuwa jana ulibeba zaidi.

Tarehe 19 Februari 2012, katika jimbo la Washington nchini Marekani, watu zaidi ya 10 walipanda kutoka Stevens Pass ili washuke katika bonde la Tunnel Creek. Hawakuwa wanafunzi. Wengi wao walikuwa hodari wa skii, na baadhi yao waliijua milima ile tangu miaka mingi. Theluji nyingi mpya ilikuwa imeanguka, na taarifa ya hatari ilikuwa imetolewa. Poromoko lilikatika, likawachukua wanne. Watatu kati yao walikufa. Baadaye, walipohojiwa, baadhi ya waliobaki walisema ya kuwa walikuwa na wasiwasi moyoni kabla ya kushuka. Kundi lilikuwa kubwa mno, walisema. Siku haikuwa njema kwa mteremko ule. Lakini hawakusema wakati ule. Kila mmoja aliwatazama wenzake, akawaona ni hodari kuliko yeye, akadhani ya kuwa wasiwasi ule ni wake peke yake.

Hatuyaandiki haya ili tuwalaumu. Twayaandika kwa sababu twajiona sisi wenyewe ndani yake. Watu wengi wenye shaka moja, nao wamesimama pamoja, na hakuna hata mmoja ajuaye ya kuwa mwenzake anayo shaka ile ile! Laiti mmoja angesema, labda wengine wangepumua na kusema, Na mimi pia. Ukimya wao ulifanana na makubaliano, kama vile ukimya wa mlima ulivyofanana na idhini.

Hapa pana neno gumu kwetu sisi, maana tumelelewa katika adabu. Mdogo hamkosoi mkubwa mbele ya watu. Mgeni hampingi mwenyeji. Adabu hiyo ni njema, wala hatutaki iharibike. Lakini twauliza: je, adabu iliwekwa ili kumlinda nani? Iliwekwa ili watu wakae pamoja kwa amani na kuheshimiana. Ikiwa mdogo anaona ufa mbele ya miguu ya mkubwa wake, naye anyamaze kwa heshima, heshima hiyo imekuwa kitu gani? Imemwacha mkubwa aangamie ili mdogo asione haya. Hiyo si heshima kwa mkubwa. Ni kujipenda kuliko kumpenda yeye. Amheshimuye mkubwa wake kweli humwambia, Shikamoo, baba. Naomba tusimame kidogo, nimeona jambo.

Walakini lawama kubwa haimpasi mdogo. Yampasa mkubwa aufungue mlango. Katika makundi yenye desturi njema huko milimani, watu hupatana kabla ya kuondoka ya kuwa neno la mmoja yeyote latosha kuwarudisha wote, wala hatachekwa, wala hatadaiwa sababu. Twaona ni vema kiongozi amwulize kwanza aliye mdogo au mgeni katika kundi, kabla hajasema shauri lake mwenyewe. Kwa maana mkubwa akisema kwanza, wengine hawana tena la kusema ila, Ndiyo, bwana. Maneno haya wayatie moyoni wale wote wanaoongoza watu, ikiwa ni katika darasa, au katika ujenzi, au katika safari.

Iko na hali nyingine iliyo nzito zaidi, ambapo waongozwao hawawezi kupima hata wakiruhusiwa kusema. Tarehe 1 Februari 2003, katika milima iliyo karibu na Rogers Pass, nchi ya Kanada, wanafunzi 14 na watu wazima 3 walikuwa wakipita bondeni kwa skii. Poromoko lilishuka kutoka juu na kuwafunika, na wanafunzi 7 walikufa. Viongozi wawili wa milimani waliokuwa karibu waliliona, wakaja mbio na kufukua, na wengine wakaokoka. Baada ya msiba ule watu wa Kanada walijiuliza kwa uchungu: wazazi waliporuhusu watoto wao waende, walijua nini? Walijua jina la bonde. Hawakujua tabia yake. Basi wakuu wa hifadhi za taifa walizigawanya njia za milimani katika namna tatu, zilizo rahisi, zilizo ngumu kiasi, na zilizo ngumu sana, ili hata asiye mtaalamu aweze kufahamu anakubali kitu gani. Wakaweka na masharti makali juu ya kuwapeleka watoto wa watu katika milima hiyo wakati wa baridi.

Kwa jambo hili twajifunza ya kuwa ruhusa isiyo na ujuzi si ruhusa kamili. Mtu aweza kuitia roho yake mwenyewe hatarini, nalo ni shauri lake, ingawa hata hapo atatoa hesabu. Lakini achukuaye mtoto wa mwenziwe hana haki ya kuipima hatari kwa kipimo cha ujasiri wake mwenyewe. Yampasa kuipima kwa kipimo cha yule mzazi anayengoja nyumbani.

Tena hakuna aingiaye hatarini peke yake, hata akidhani hivyo. Mtu akifunikwa na theluji, pumzi yake huiyeyusha kidogo theluji iliyo mbele ya uso wake, kisha huganda ikawa barafu, na hewa hukoma. Uchunguzi wa Uswisi uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha ya kuwa waliofukuliwa kabla ya dakika 15 kupita, 92 kwa 100 walikuwa hai. Bali kwa dakika 35 walikuwa 30 tu kwa 100. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha ya kuwa muda ni mfupi zaidi, yapata dakika 10. Kwa hiyo msaada wa mbali mara nyingi huchelewa, na wokozi uko mikononi mwa wenzi waliosimama pale pale. Ndiyo maana kila mtu huchukua beleshi, na ufito mrefu wa kuchomea theluji, na chombo kidogo chenye kupeleka na kupokea mawimbi ya redio, ili aliye chini atafutwe. Lakini angalieni: vyombo hivi vyote ni vya kutumiwa baada ya kukosea. Wala havina nguvu juu ya miti na majabali ambayo poromoko humbamiza mtu juu yake. Achukuaye beleshi ili apite mteremko ambao pasipo beleshi asingeupita, amekigeuza chombo cha kuokoa kikawa chombo cha kumpotosha. Na wale wajao kumfukua, wao pia huingia chini ya mlima ule ule.

Mtu atasema, Kama ni hivyo, basi na wasipande kabisa. Akaaye nyumbani haanguki. Twaliheshimu neno hili, lakini hatulikubali. Kwanza, wako ambao kazi yao iko huko, watengenezao barabara, na waganga, na waokoaji, na watu wa vijiji ambao mlima uko mlangoni pao. Pili, watu wa Galtür walikuwa nyumbani. Tatu, mwanadamu hakupewa macho na miguu ili akae gizani kwa hofu. Na uzuri wa mlima ni zawadi, wala si mtego. Hofu isiyochunguza ni sawa na ujasiri usiochunguza, maana zote mbili zimekataa kazi ya kupima.

Basi sasa twaweza kujibu. Werner Munter, kiongozi wa milimani wa Uswisi, aliwafundisha watu wapime mara tatu: nyumbani kabla ya kuondoka, na tena wafikapo chini ya mlima, na tena mbele ya kila mteremko, na kila mara watazame mambo matatu, yaani hali ya theluji na hewa, na umbo la nchi, na watu walio pamoja nao. Kwa mfano huo sisi nasi twaweka maswali matatu ya kuipimia busara ya mtu. La kwanza: je, alitafuta kujua yale yawezayo kujulikana? La pili: je, kwa yale yasiyoweza kujulikana, aliacha nafasi, kwa kuchagua mteremko ulio laini zaidi, au saa ya mapema zaidi, au kurudi? La tatu: je, aliwahesabu wengine, wenzi wake, na watakaomfukua, na wanaomngoja? Aliyeyajibu haya kwa moyo mweupe ni mwenye busara, hata akipatwa na msiba. Asiyeyajibu ni mpumbavu, hata akirudi na sifa, na watu wakampokea kwa vigelegele.

Twafahamu ya kuwa kipimo hiki hakimpendezi mtu, kwa sababu hakitupi faraja ya kuonekana. Arudiye nyuma kutoka mteremko hatajua kamwe kama ungekatika au la. Pengine kesho atasikia ya kuwa wengine waliupita, nao ni wazima, wakamcheka. Hana ushahidi wa kuwaonyesha. Yampasa kuridhika ya kuwa alifanya lililo sawa kwa yale aliyoyajua saa ile. Hilo ni jambo gumu, na labda ndilo gumu kuliko kupanda mlima wenyewe.

Kwa hiyo twawashauri ninyi mnaosoma, na zaidi ninyi walimu mnaowafundisha wengine, mwige desturi moja ya watu wa theluji. Wao warudipo jioni, wakiwa wazima, huketi na kuulizana: leo tulikuwa wenye busara, au tulikuwa na bahati tu? Sisi nasi tumezoea kuulizana baada ya msiba, wakati majibu hayamrudishi mtu. Na tuulizane jioni ya siku njema, mavuno yamekwisha kuingia, mtumbwi umefika, mtoto amevuka mto. Tushukuru kwa moyo wote, kwa maana kushukuru ni wajibu. Lakini tusiugeuze wokovu wa leo uwe kibali cha kesho. Na ikiwa yuko mmoja kati yetu aliyeuona ufa, naye akanyamaza, tumwulize usiku huu huu, kwa upole, tungali tukila pamoja naye.